Nimeenda kupima presha, nikaulizwa maswali 10 ya pombe, nimepata alama 13. Hivi mimi ni mlevi?

#1 Ndizi Mshare
Wakuu salaam. Naomba wanaojua haya mambo wanisaidie, kwa sababu sijalala vizuri tangu Jumanne.

Nina miaka 41, fundi seremala, mke na watoto watatu, niko Moshi vijijini. Nilienda kituo cha afya kwa sababu kichwa kilikuwa kinagonga. Presha ikasoma 152 kwa 96. Nikategemea dawa. Nesi akavuta karatasi akaanza kuniuliza habari za pombe: unakunywa mara ngapi, unakunywa kiasi gani, umewahi kushindwa kuacha ukishaanza, umewahi kujilaumu, kuna ndugu amewahi kukwambia upunguze. Nilijibu ukweli mtupu. Akajumlisha, akasema 13, akasema "hii ni juu, kaka, inabidi tuongee." Tukaongea kama dakika kumi hivi.

Mimi si mlevi. Nakunywa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tu, bia nne, nalala nyumbani kwangu. Kazi sijawahi kuikosa kwa ajili ya pombe. Baba yangu ndiye alikuwa mlevi, namjua mlevi anavyokuwa. Sasa karatasi hii imenipimaje?

#2 Kiti Moto Sugu
Mkuu pole, hayo maswali ya wazungu hayo. Wanakaa Ulaya wanatunga, wanakuja kumpimia Mchaga. Mchaga na pombe ni kama samaki na maji.

#3 Mama Wawili
Mleta uzi, swali la kwanza kabla hatujafika mbali: swali la ndugu aliyekwambia upunguze ulijibuje?

#4 Nesi wa Zamu
Salaam. Hiyo karatasi inaitwa AUDIT, mimi naitumia kazini. Ni maswali 10, kila moja lina alama 0 hadi 4, jumla kubwa ni 40. Matatu ya kwanza ni unywaji wenyewe, matatu yanayofuata yanatafuta dalili za uraibu, manne ya mwisho ni madhara. Kuanzia 8 tunasema unywaji una hatari. 8 hadi 15 unapewa ushauri wa kawaida, 16 hadi 19 ushauri wa kina na kufuatiliwa, 20 kwenda juu unapelekwa kwa mtaalamu akuchunguze vizuri.

Kwa hiyo 13 haisemi wewe ni mlevi. Inasema unywaji wako una hatari ya kukuumiza au umeanza kukuumiza. Hiyo presha yako inaweza kuwa sehemu yake, pombe inapandisha presha na wengi wakipunguza inashuka. Nesi alifanya kazi yake sawasawa.

@Kiti Moto Sugu, nakusahihisha kwa upendo. Shirika la Afya Duniani lilipoitengeneza miaka ya 1980 walikusanya majibu nchi sita: Australia, Bulgaria, Mexico, Norway, Marekani na Kenya. Jirani yetu yumo tangu siku ya kwanza.

#5 Kiti Moto Sugu
Sawa nesi, nimekubali Kenya. Mchaga bado.

#6 Ndizi Mshare
@Mama Wawili nilijibu ndiyo, mwaka huu huu. Mke wangu. Alisema mwezi wa tatu.

Asante @Nesi wa Zamu. Naweka majibu yangu yote, niliyakumbuka nikaandika nikiwa kwenye boda:
1. Mara ngapi: mara 2 hadi 3 kwa wiki, alama 3
2. Vinywaji vingapi siku ya kunywa: vinne, alama 1
3. Sita au zaidi kwa kikao kimoja: nadra, harusi na misiba, alama 1
4. Kushindwa kuacha ukianza: hapana, 0
5. Kushindwa kufanya ulichotegemewa: nadra, 1
6. Kunywa asubuhi ili uamke: hapana, 0
7. Kujilaumu: kila mwezi hivi, 2
8. Kutokumbuka yaliyotokea: nadra, 1
9. Mtu kuumia: hapana, 0
10. Ndugu kukuambia upunguze: ndiyo mwaka huu, 4

Ukiangalia, hiyo 4 ya mke ndiyo imenipandisha. Bila yeye nina 9.

#7 Mama Wawili
Bila yeye ungekuwa bado 9, na mstari ni 8. Shemeji hana kosa hapo.

#8 Chupa Tupu
Ngoja kwanza. Nimesoma #6 mara mbili. "Vinywaji vinne" umehesabu chupa nne?

#9 Ndizi Mshare
Ndiyo, bia nne. Chupa ni chupa.

#10 Chupa Tupu
Hapo ndipo penye tatizo. Mimi ni mfamasia, nimefundishwa hii hesabu. Kinywaji kimoja kwenye AUDIT ni gramu 10 za kilevi chenyewe. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi, zidisha kwa 0.79 maana kilevi ni chepesi kuliko maji, unapata karibu gramu 20. Chupa yetu moja ni vinywaji viwili. Chupa nne ni vinane.

Rudi kwenye majibu yako. Swali la 2, vinane ni alama 3 badala ya 1. Swali la 3, sita au zaidi kwa kikao: wewe unavuka sita kila wiki, ni alama 3 badala ya 1. Jumla inatoka 13 inakuwa 17. Umehama kundi, mkuu.

#11 Ndizi Mshare
Mungu wangu.

#12 Theluji ya Minnesota
Ndugu zangu, niko Marekani mwaka wa 11 sasa. Huku kinywaji kimoja wanahesabu gramu 14, Uingereza wanahesabu gramu 8. Kwa hesabu ya huku, bia nne za gramu 20 ni gramu 80, gawanya kwa 14 ni 5.7. Swali la 2 anapata alama 2, la 3 linabaki 1 kwa sababu hajafika sita. Jumla 14. Mtu yule yule, bia zile zile. Kwa hiyo @Chupa Tupu usimtishe mwenzako, namba inategemea umekaa wapi.

#13 Chupa Tupu
Yeye amekaa Moshi na mwongozo tunaoufuata ni wa gramu 10. Wala simtishi. Ini halijui uko Minnesota au Marangu, linajua gramu 80 kwa usiku mmoja.

#14 Nesi wa Zamu
@Chupa Tupu uko sahihi kwenye hesabu, nami nakiri hadharani: wengi wetu tunaandika chupa. Foleni ni ndefu, mgonjwa anasema "nne" unaandika nne. Mwongozo unataka uonyeshe picha za vinywaji vinavyonywewa eneo hilo. Picha za bia ziko. Sasa nionyesheni picha ya kata ya mbege, kile kibuyu tunachonywea pombe yetu ya ndizi na ulezi.

#15 Mzee wa Kihamba
Wajukuu, nimewasoma. Nimekunywa mbege kabla wengi wenu hamjazaliwa. Kata haina kipimo. Kuna kata ya mzee na kuna kata ya wageni. Tena mbege inategemea ulezi umeota vipi, ndizi zimeiva kiasi gani, na imelala siku ngapi. Ya leo ni uji mtamu, mtoto anaonja. Ya keshokutwa inakulaza kwenye mgomba. Utaandika gramu ngapi hapo? Na zamani kata moja ilizunguka watu wanne, kila mmoja anapiga funda anampa mwenzake. Mtu akikuuliza "ulikunywa vingapi" utasema nini?

#16 Ulanzi Mbichi
Mzee @Mzee wa Kihamba shikamoo. Huku Njombe ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ni vile vile. Wa asubuhi mtamu, wa jioni ule ule mkali, na unaendelea kuchacha ndani ya ndoo wakati mnakunywa.

#17 Mzee wa Kihamba
Marahaba. Umesema kweli.

#18 Kahawa Chungu
Kwa uzoefu wangu tatizo si chupa wala kata. Tatizo ni uongo. Nilikuwa CTC, kliniki ya wenye VVU, kama mtoa ushauri rika. Mgonjwa anajua akisema anakunywa atapigwa somo refu, au dawa ya kukinga TB ile isoniazidi itacheleweshwa kwa ajili ya ini. Kwa hiyo anasema "niliacha". Mbarara, Uganda, watafiti waliwapima wagonjwa wa VVU damu wanatafuta kitu kinaitwa PEth, ambacho kinabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kunywa, na wakakuta wapo waliosema hawajanywa na damu inasema wamekunywa. Mleta uzi ni mtu wa nadra, amejibu ukweli.

#19 Kiti Moto Sugu
Basi wapime damu wote, maswali ya nini?

#20 Chupa Tupu
PEth haipo kwenye maabara za kawaida, ni ghali. Kuna GGT, kipimo cha damu cha ini, lakini inapanda kwa mambo mengi, dawa, mafuta kwenye ini, na mtu anaweza kunywa hatari GGT ikawa safi. Karatasi ni bure na inakamata watu mapema, kabla ini halijalalamika. Kazi yake ni hiyo.

#21 Bi Makorora
Mimi ni wa Tanga, Muislamu, na nitasema jambo ambalo huku kwetu halisemwi. Baada ya talaka nilikunywa miaka miwili. Ndani, peke yangu, usiku watoto wakilala. Chupa nazifunga kwenye kanga kuukuu, asubuhi natupa mbali na mtaa wetu. Nikaenda kituo fulani cha afya, nimekonda, sili, mikono inatetemeka. Yule aliyenipokea alikuwa na karatasi hiyo hiyo. Akaniangalia mtandio wangu, akasema "wewe mama hunywi, eh?" akaandika sifuri kuanzia juu hadi chini kabla sijafungua mdomo. Nilikaa pale nikiwa na jibu mdomoni. Angeuliza, ningesema. Siku ile nilikuwa tayari kusema.

Nilizunguka miezi mingine minane.

#22 Nesi wa Zamu
Dada @Bi Makorora, pole sana. Nakuomba radhi kwa niaba ya sote tuliowahi kufanya hivyo, na nimewahi. Mwongozo unasema uulizwe kila mtu, bila kumkagua kwa macho.

#23 Mama Wawili
Nimelia kidogo hapa ofisini. Dada, uko salama sasa?

#24 Bi Makorora
Alhamdulillahi, mwaka wa nne. Asanteni.

#25 Mwendo wa Boda
Mimi niliulizwa haya maswali nikiwa nimelazwa KCMC, mguu umevunjika, 2022. Nikawaza hawa wanataka kunipeleka polisi. Kumbe hawakuwa na habari ya polisi. Si kama kile kipimo cha trafiki cha kupuliza, kile kinasoma ulichokunywa leo. Hawa waliuliza maisha yangu ya mwaka mzima.

#26 Chupa Tupu
@Mwendo wa Boda KCMC wana utafiti wa siku nyingi kwenye eneo hilo, wagonjwa wa ajali. Waliitafsiri AUDIT kwa Kiswahili cha huku wakaipima kama inafanya kazi, wakatengeneza na ushauri mfupi wakauita "Punguza Pombe kwa Afya Yako". Hoja yao ni kwamba mtu akiwa kitandani na mguu juu anasikiliza.

#27 Mwendo wa Boda
Ni kweli nilisikiliza. Nilipunguza miezi mitano. Halafu mguu ukapona.

#28 Nyayo za Eldoret
Hamjambo majirani. Huku Kenya neno linaleta shida ni lile la swali la sita, kunywa asubuhi. Ukimwuliza mtu "unakunywa asubuhi?" atasema hapana. Ukimwuliza "unatoa loki?" atacheka aseme kila Jumapili. Ni kitu kimoja. Kwa hiyo tafsiri ni muhimu, usitafsiri kamusi, tafsiri mtaa. Na kwa chang'aa, gongo yetu, hata usiulize gramu. Sheria ya 2010 iliruhusu iuzwe ikiwa kwenye chupa na viwango, lakini ile ya glasi kwa jirani bado iko, na nguvu yake anaijua aliyeipika.

#29 Kiti Moto Sugu
Kutoa loki ndiyo kuzimua kwetu! Supu ya kongoro na moja baridi. Hiyo nayo wanahesabu?

#30 Mama Wawili
Mleta uzi, tunakusubiri hapa.

#31 Ndizi Mshare
Jamani. Jumapili baada ya ibada ya kwanza tunapita kwa mtu anauza supu. Napata bia moja nayo. Si kila Jumapili, mara mbili kwa mwezi, labda tatu. Sikujibu kwa sababu nesi alisema "asubuhi ili uweze kuanza siku", nikajua ni wale wanaotetemeka alfajiri. Mimi nakunywa saa nne na supu, na watu, mchana kweupe.

#32 Chupa Tupu
Swali linasema kunywa asubuhi ili ujisikie sawa baada ya kunywa sana jana yake. Jumamosi umekunywa gramu 80. Jumapili unazimua. Kila mwezi ni alama 2, kila wiki ni 3. Ulikuwa 17. Sasa ni 19 au 20.

#33 Kahawa Chungu
Hapana, hapo nakupinga. Swali linauliza kuhitaji. Yeye anakunywa kwa mazoea ya kijiwe, asipokunywa hatetemeki. Supu na bia ya Jumapili ni desturi, huwezi kuigeuza kuwa dalili ya uraibu. Ukihesabu hivyo nusu ya mkoa watapelekwa kwa mtaalamu, na wataalamu wenyewe wako wapi?

#34 Chupa Tupu
Atajuaje hahitaji kama hajawahi kula supu bila bia?

#35 Kahawa Chungu
Na wewe utajuaje kwamba anahitaji?

#36 Nesi wa Zamu
Mimi ningemwuliza: Jumapili ambazo hukuzimua, siku ilikuwaje? Jibu lake ndilo ningeandika.

Kuna karatasi nyingine fupi ya maswali manne, CAGE, ya daktari Mmarekani anaitwa Ewing, 1984. Umewahi kuona inabidi upunguze, umeudhika watu wakikusema, umejisikia hatia, umekunywa asubuhi kutuliza mishipa au kuondoa uchovu wa pombe. Ndiyo mbili zinatosha kukufanya usimame uangalie. Na hiyo nayo swali la asubuhi limo. Walioandika hizi karatasi hawakuliweka bure.

#37 Mzee wa Kihamba
Mimi nasema mnamhukumu kijana kwa supu. Sisi tulikunywa mbege asubuhi kabla ya kwenda kuchimba mfereji, ilikuwa chakula.

#38 Dokta wa Wilaya
Habari. Nimepitia uzi wote. Naongeza moja tu ambalo sijaliona na linaua.

Anayesoma hapa akajikuta anakunywa kila siku, anatetemeka asubuhi, anatoka jasho asipopata: usiache ghafla peke yako nyumbani. Degedege linaweza kuja ndani ya saa 6 hadi 48, na kuchanganyikiwa kwa hatari kati ya siku ya pili na ya nne. Njoo hospitali uachishwe kwa dawa na upewe vitamini B1, thayamini, kabla ya dripu ya sukari. Mleta uzi kwa maelezo yake hayuko huko, yeye anaweza kupunguza akiwa nyumbani.

#39 Ulanzi Mbichi
Dokta, umenikumbusha mjomba wangu. Aliokoka kwenye mkutano wa injili siku ya Jumapili, akamwaga pombe zote, tukashangilia. Jumatano usiku akaanza kuokota wadudu ukutani. Hakukuwa na wadudu. Anaongea na watu waliokufa. Ukoo ukasema amerogwa na wanywaji wenzake kwa sababu amewakimbia. Alhamisi akaanguka kifafa. Tulimpeleka kwa mganga kwanza. Hakurudi.

#40 Kiti Moto Sugu
Pole sana mkuu. Lakini na mimi nimeona watu wakirogwa kwa kuacha kijiwe. Mambo mengine hospitali haiyaoni.

#41 Dokta wa Wilaya
@Ulanzi Mbichi pole sana. Jumapili hadi Jumatano, hesabu siku. @Kiti Moto Sugu, sitabishana na imani yako, lakini mwenye hali hiyo mlete kwetu kwanza, hayo mengine yafuate.

#42 Ulanzi Mbichi
Mama yangu mpaka leo anasema ni uchawi. Sijawahi kumbishia.

#43 Mpiga Debe Mstaafu
Mbona hamtaji pombe kali? Bia ni mchezo. Viroba, ile pombe kali ya vifuko, walivipiga marufuku Machi 2017, lakini chupa ndogo za plastiki ziko kila duka.

#44 Chupa Tupu
Sawa. Kiroba cha mililita 100 chenye asilimia 35 kilikuwa na gramu 28 hivi, karibu vinywaji vitatu. Chupa ya mililita 200 ya asilimia hiyo hiyo ina gramu 55. Mtu anasema "nakunywa kachupa kamoja tu" na nesi anaandika moja, kumbe ni vitano na nusu.

#45 Theluji ya Minnesota
Na kwa wanawake? Sijaona mtu amegusa.

#46 Dokta wa Wilaya
Mwili wa mwanamke una maji pungufu kuliko wa mwanaume wa uzito ule ule, kwa hiyo kiasi kile kile cha pombe kinakolea zaidi kwenye damu yake. Kwa yale maswali matatu ya kwanza peke yake, yanaitwa AUDIT-C, tunashtuka kwa mwanaume akifika 4, mwanamke 3.

#47 Kahawa Chungu
Swali kwa wataalamu: hizo dakika kumi za maongezi zinasaidia kweli au tunajifurahisha?

#48 Dokta wa Wilaya
Mapitio ya Cochrane ya 2018, yaliyokusanya tafiti nyingi pamoja, yalikuta waliopewa ushauri mfupi kwenye huduma za msingi walipunguza takriban gramu 20 kwa wiki baada ya mwaka, ukilinganisha na wasiopewa kitu au waliopewa kidogo sana.

#49 Kahawa Chungu
Gramu 20, yaani bia moja kwa wiki. Ndogo sana hiyo.

#50 Nesi wa Zamu
Ndogo kwa mtu mmoja. Mimi naona watu 40 kwa siku.

#51 Mwendo wa Boda
Mimi niko humo kwenye wastani, miezi mitano.

#52 Ndizi Mshare
Nimerudi wakuu. Nimefanya mambo mawili.

Jana Jumamosi nilichukua jagi la jikoni lenye mistari ya mililita, nikamimina bia nne moja baada ya nyingine kabla sijanywa hata funda. Lita mbili. Nimekunywa maisha yangu yote na sijawahi kuziona zikiwa pamoja. Nilikunywa mbili, nyingine nilimpa shemeji aliyekuja kuchukua kabati lake.

La pili. Mke wangu alikuwa anachagua mchele, nikamsomea maswali yote kumi, nikamwambia anijibie yeye kama ananijua. La kunywa sita au zaidi, hakuinua hata kichwa, akasema "kila wiki". La asubuhi akaniuliza, "na supu?" Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu uzi huu.

Kwa jumla yake yeye nina 21.

#53 Chupa Tupu
Kutoka 17, hizo alama nne amezitoa wapi?

#54 Ndizi Mshare
Tatu ni za supu, mpya ni moja tu. La kushindwa kuacha ukishaanza. Mimi niliandika hapana. Yeye amesema "nadra", halafu akataja siku yenyewe, ubatizo wa mtoto wa pili. Nami naikumbuka.

#55 Mama Wawili
Jumanne unarudi kupima presha?

#56 Ndizi Mshare
Jumanne saa mbili. Tunaenda wote wawili.